FEDHA ZA MAAFA ZISOMWE MBELE YA WATU
Somo kwa wakulima wa skimu na majirani zao

Mkulima anayepeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia haogopi mizani. Mzigo wake hutundikwa mbele ya macho yake, kilo husomwa, huandikwa, naye hupewa karatasi yake akaenda nyumbani. Akiona kilo zimepungua huuliza papo hapo. Hakuna anayemwambia, "Mbona unauliza? Hutuamini?" Kila mtu ajua kwamba mizani iliwekwa pale ili watu wasigombane.

Lakini mvua ya mawe ikipiga mashamba, na serikali ikatoa fedha za kuwasaidia walioumia, mara nyingi mambo huwa mengine. Watu husikia kwamba fedha zimekuja. Husikia tena kwamba zimekwisha. Fulani amepata, fulani hakupata, na mwingine ambaye hana hata shina moja la mahindi simu yake imelia. Hakuna aliyeona mizani. Basi majirani huanza kununiana, na chifu aliyefanya kazi yake kwa haki hushukiwa pamoja na yule aliyeiba.

Somo la mwezi huu ni juu ya mizani hiyo. Tutaeleza fedha za maafa hutoka wapi, hasara hupimwaje, orodha njema huandikwaje, na mkulima aliyeachwa afanye nini. Neno kubwa ni moja: orodha ya wanaolipwa isomwe mbele ya watu kabla ya malipo, na isomwe tena baada ya malipo.

KWA NINI TWACHUKUA MFANO WA BIRONGO

Tutatumia mfano wa Birongo, wadi ya Nyaribari Chache katika kaunti ya Kisii. Mambo tutakayosema juu ya mvua ya mawe huko ni mfano wa kufundishia tu, si habari ya jambo lililotokea. Tumeichagua Birongo kwa sababu mashamba yake ni madogo na nyumba zimekaribiana. Migomba ya mtu mmoja yaangukia mpaka wa mwenzake. Mvua ya mawe ikipita, kila jirani huona kwa macho ni nani aliyepigwa na ni nani aliyepona.

Ninyi mlio katika skimu za Borabu, kama Nyansiongo, mwajua kwamba kwenu hali ni nyingine. Mashamba ni makubwa zaidi na nyumba ziko mbalimbali. Mawe yaweza kuangamiza shamba la mtu huku jirani wa ng'ambo ya kijito hana habari. Ikiwa huko Birongo, ambako watu huonana, orodha ya wazi yahitajika, basi katika skimu yahitajika mara mbili.

Tena watu wa skimu si wageni wa daftari. Mpango wa ekari milioni ulipoanza 1962, wazee wenu walipewa mashamba kwa mkopo wa kulipa kwa miaka 30. Kila shamba lilikuwa na namba yake, na kila shilingi ya deni iliandikwa. Aliyechelewa kulipa aliletewa barua. Serikali iliyoweza kuandika deni la kila shamba yaweza vilevile kuandika msaada wa kila shamba. Na mkulima aliyetakiwa kukumbuka deni lake ana haki ya kuuliza malipo yake.

FEDHA HIZI ZATOKA WAPI

Fedha za maafa si zawadi ya mtu. Mwanasiasa akisimama juu ya gari akasema, "Nimewaletea," mjue kwamba hakuzitoa mfukoni mwake. Ni fedha za kodi, na kodi hulipwa hata na mama anayenunua sabuni dukani.

Njia za fedha hizi ni nyingi, lakini tatu zafaa kujulikana.

Ya kwanza ni kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 yairuhusu kaunti, kwa kibali cha bunge lake, kuwa na mfuko wa dharura. Fedha za mfuko huo hutolewa kwa jambo la ghafula lisiloweza kungoja bajeti. Zikitolewa, waziri wa fedha wa kaunti hana budi kulipeleka jambo hilo mbele ya bunge la kaunti katika muda wa miezi miwili ili malipo yakubaliwe. Kwa hiyo mwakilishi wenu wa wadi hawezi kusema kwamba hajui. Jambo hilo lapaswa kufika mbele yake.

Ya pili ni serikali kuu, kupitia wizara zake na Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Ukame. Ya tatu ni bima ya mazao au mifugo, ambayo serikali husaidia kulipa ada yake. Bima ina masharti yake yaliyoandikwa. Mkulima aombe asomewe masharti hayo kabla ya maafa, si baada yake.

Basi swali lako la kwanza barazani liwe hili: "Fedha hizi zimetoka mfuko gani, na jumla yake ni shilingi ngapi?" Asiyejua jumla hawezi kujua kama kimepungua kitu.

PIMA HASARA YAKO MWENYEWE

Wakulima wengi hungoja afisa wa kilimo aje ndipo waanze kuhesabu. Hilo ni kosa. Afisa ni mmoja na mashamba ni mengi. Akifika baada ya majuma mawili, mahindi yaliyovunjika yamekwisha kuliwa na ng'ombe, na majani ya migomba yameoza. Fanya hivi:

1. Siku ileile andika tarehe, saa na mahali. Mwite jirani mmoja asiye wa jamaa yako aone, nawe ukaone kwake. Kama una simu yenye kamera, piga picha ukisimama mahali ambapo nyumba, mti au alama ya mpaka yaonekana, ili ijulikane ni shamba lako.

2. Kwa mahindi, chagua mahali pane shambani: pawili pembeni na pawili katikati. Usichague palipoharibika tu. Kila mahali hesabu mashina 25 yaliyofuatana, na uandike mangapi yamevunjika. Jumla ya mashina uliyoyatazama ni 100, kwa hiyo idadi ya yaliyovunjika ndiyo hasara yako kwa mia. Ukipata 62, umepoteza mashina 62 katika kila 100.

3. Usikate tamaa upesi kwa mahindi machanga. Mahindi ambayo hayajafika magotini, kitovu chake cha kukua kingali chini ya udongo. Majani yakichanwa na mawe, mengi huchipua tena. Ngoja siku saba hadi kumi, hesabu mara ya pili, na uandike hesabu zote mbili. Mkulima anayeeleza mwenyewe kwamba sehemu imepona, maneno yake mengine huaminiwa.

4. Kwa migomba, hesabu mashina yaliyovunjika yenye mkungu, na yasiyo na mkungu uyahesabu mbali. Thamani yake si sawa.

5. Kwa chai, ushahidi wako bora ni zile karatasi za mizani. Mti wa chai haufi kwa mawe, lakini mchumo hupotea. Linganisha kilo za mwezi uliopigwa na kilo za mwezi uleule wa mwaka uliopita. Tofauti hiyo haibishiwi na mtu, kwa maana haikuandikwa na wewe.

Yaandike haya yote katika daftari moja, nawe ulitunze mahali pakavu pamoja na hati za shamba.

Hapa kuna neno moja zito kwa watu wa skimu. Mashamba mengi yangali katika jina la babu aliyekwisha kufariki, na wana na wajukuu wamegawana kwa maneno tu. Maafa yakija, watu watatu hudai malipo ya shamba moja, au hulipwa yule ambaye jina lake li katika hati naye akaa mjini, na mke au mjane aliyepanda na kupalilia hapati kitu. Kanuni njema ni kuandika aliyelima zao hilo msimu huo, pamoja na namba ya shamba. Zao moja katika kipande kimoja lilipwe mara moja tu. Mwafikiane nyumbani kabla ya kufika barazani, na mtu asiyekuwako aandikiwe barua. Baraza la kijiji si mahali pa kuamua urithi.

ORODHA NJEMA IKOJE

Orodha njema husomeka hata na mtoto wa darasa la tano. Ina jina la mkulima, kijiji chake, namba ya shamba au sehemu, zao lililoharibika, kiasi cha hasara, na shilingi anazopewa. Chini yake kuna jumla ya watu na jumla ya fedha, na majina ya waliopima.

Orodha hiyo isomwe barazani kwa sauti, kijiji kwa kijiji. Kisha nakala yake ibandikwe mahali ambapo watu hupita: ofisi ya chifu, soko, kituo cha kununulia majani chai, na ubao wa kanisa wenyewe wakikubali. Watu wapewe siku za kutosha za kusahihisha, tuseme juma moja, ndipo fedha zitoke. Malipo yakiisha, orodha ya pili ibandikwe kuonyesha waliolipwa kweli, wasiolipwa na sababu yake.

Sasa tazama mfano. Tuseme kaunti imetoa shilingi 1,200,000 kwa wakulima 240 wa Birongo waliopigwa na mawe, nao wamegawanywa makundi matatu:

Waliopoteza karibu zao lote: watu 60, kila mmoja 8,000. Jumla 480,000.
Waliopoteza nusu: watu 100, kila mmoja 5,000. Jumla 500,000.
Waliopoteza robo: watu 80, kila mmoja 2,500. Jumla 200,000.

Jumlisha. Utapata shilingi 1,180,000. Fedha zilizotolewa ni 1,200,000. Zimebaki 20,000. Pengine zimelipia petroli ya pikipiki za wapimaji, au gharama za kutuma fedha kwa simu. Pengine sivyo. Lakini sasa kuna swali ambalo mtu aweza kuliuliza kwa adabu, nalo lina jibu. Kabla ya orodha kusomwa hapakuwa na swali. Palikuwa na manung'uniko tu.

Hii ndiyo faida ya kuonyesha hesabu. Mwizi hushikwa, na yule asiyeiba husafishwa.

MAMBO YALIYOTOKEA

Haya si mawazo matupu. Tutazame mambo yaliyokwisha kufanyika katika nchi yetu.

Katika Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, mpango wa kuzisaidia nyumba zenye njaa ulitumia vipimo viwili pamoja. Maafisa waliuliza mali ya kila nyumba, na wanakijiji nao waliitwa kusema kati yao ni nani maskini zaidi. Tangu 2015, ukame ukizidi, nyumba nyingine ambazo hazikuwa katika malipo ya kila siku ziliongezwa, zikapewa shilingi 2,700 kwa mwezi wa shida. Na ukame wenyewe haukupimwa kwa maneno ya mkubwa. Ulipimwa kwa picha za setilaiti zinazoonyesha majani yamekauka kiasi gani, na habari hizo hutangazwa kila mwezi. Malalamiko hayakukosekana, lakini mwenye kulalamika alikuwa na kipimo cha kushika mkononi.

Mnamo Februari 2017 wafugaji wa kaskazini walilipwa bima ya mifugo kwa ajili ya ukame. Ilitangazwa wazi kwamba shilingi milioni 214 zalipwa kwa nyumba kama 12,000. Chukua kalamu ugawanye: ni karibu shilingi 17,800 kwa nyumba. Mfugaji aliyepata 3,000 peke yake alikuwa na haki ya kuuliza tofauti hiyo imetokana na nini. Huenda alikuwa na wanyama wachache katika bima, au mahali pake palikuwa na malisho zaidi, na hilo ni jibu. Lakini bila tangazo la jumla, asingejua hata kwamba kuna swali.

Jambo la tatu liko karibu nasi sote. Tangu 2022 wakulima waliandikishwa kupitia machifu na wasaidizi wao ili wapate mbolea ya bei nafuu, na 2023 bei ya mfuko wa kilo 50 iliteremshwa hadi shilingi 2,500. Mnamo Machi 2024 waandishi wa habari walifichua kwamba mifuko mingine iliyouzwa katika mpango huo haikuwa na mbolea ya kufaa. Jambo likafika Bungeni na mahakamani, na serikali ikatangaza kwamba wakulima waliouziwa watafidiwa. Sasa fikiri: mkulima aliyetunza risiti na ujumbe wa simu alikuwa na cha kuonyesha. Aliyetupa risiti njiani alibaki na maneno na mahindi ya manjano. Karatasi ndogo ile ilikuwa na thamani kuliko mfuko wenyewe.

Wala msidhani kwamba jambo hili ni la nchi zetu tu. Huko Marekani, 2002 na 2003, serikali ilikuwa na mpango wa kuwalipa wafugaji kwa ajili ya ukame. Mfugaji alilipwa kwa idadi ya ng'ombe zake, mradi wilaya yake imetangazwa kuwa na maafa, na hakutakiwa kuonyesha hasara yoyote. Mpango huo uligharimu zaidi ya dola bilioni moja. Miaka mitatu baadaye gazeti la Washington Post lilionyesha kwamba sehemu kubwa ya fedha ilikwenda mahali ambapo ukame ulikuwa mdogo au haukuwapo. Wilaya nyingine za Texas zilihesabiwa kuwa na maafa kwa sababu vipande vya chombo cha angani Columbia kilichovunjika 2003 viliangukia huko! Ng'ombe hawakukosa nyasi hata siku moja, na mwenyewe alilipwa.

Jambo hilo lilijulikanaje? Kwa sababu daftari za malipo ziliweza kutazamwa na watu. Wizi na upotevu hautazuiwa na kila sheria, lakini daftari iliyo wazi huuleta mwangani, hata kama ni kwa kuchelewa.

YASIYOFAA KUBANDIKWA UKUTANI

Uwazi una mpaka wake. Mkulima hakupoteza heshima yake kwa kupoteza mahindi yake. Mnamo Novemba 2010 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba si haki kutangaza jina la kila mkulima aliyepokea msaada bila kutazama ni kiasi gani amepokea na ni mara ngapi. Baadaye sheria ilibadilishwa, ikawa wanaopokea fedha kidogo sana hawatajwi majina, lakini wanaopokea fedha nyingi hutajwa.

Kwetu pia kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kwa hiyo orodha ya ukutani isiwe na namba ya kitambulisho, wala namba ya simu, wala habari za ugonjwa au za nyumbani. Mtu mwovu akipata jina, kitambulisho na simu yako pamoja, aweza kukuibia hata kile kidogo ulichopewa. Jina, kijiji, hasara na shilingi zatosha kwa jirani kujua kama haki imetendeka.

Tena, asiulizwe mkulima namba yake ya siri ya simu, hata na mtu aliyevaa koti la ofisi. Na yeyote anayeomba "chai" ili akuandike katika orodha, huyo anauza kisicho chake. Usimpe. Andika jina lake na siku hiyo.

UKIACHWA NJE YA ORODHA

Kwanza, nenda kwa aliyepima ukiwa na daftari lako na jirani yako shahidi. Makosa mengi ni ya kalamu: jina limerukwa, au majina mawili yamefanana. Haya husahihishwa kwa siku moja.

Pili, ikiwa hakuna jibu, andika barua. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yaeleza njia. Barua yaweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Asiyejua kusoma na kuandika aende mwenyewe aseme, na afisa hana budi kumsaidia ombi lake liandikwe, kisha ampe nakala. Kupeleka ombi hakulipiwi. Mtu hulipa gharama ya kunakili karatasi tu. Wala si lazima ueleze kwa nini wataka kujua.

Ofisi yapaswa kujibu katika siku 21. Yaweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 14, kwa sababu maalum. Ikikataa, itoe sababu. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu huiita Ombudsman, nawe usipitishe siku 30 tangu ulipopewa uamuzi.

Barua yenyewe si lazima iwe na maneno makubwa. Hii hapa yaweza kuigwa:

"Kwa Mkuu wa Ofisi. Mimi (jina), mkulima wa (kijiji, namba ya shamba), naomba habari hizi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016: (1) jumla ya fedha zilizotolewa kwa ajili ya mvua ya mawe ya tarehe (siku, mwezi, mwaka) katika wadi yetu, na mfuko zilikotoka; (2) orodha ya waliolipwa, kijiji kwa kijiji, na kiasi cha kila mmoja; (3) kipimo kilichotumika kujua hasara; (4) sababu ya jina langu kutokuwamo. Naomba nijibiwe kwa maandishi. Ahsante. (Sahihi na tarehe.)"

Andika nakala mbili. Moja iache ofisini. Ya pili igongwe muhuri au iandikwe tarehe ya kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Bila tarehe hiyo, siku 21 hazina mwanzo.

Kikundi kikiandika barua moja yenye sahihi za watu kumi, ni vizuri zaidi. Mtu mmoja huitwa mgomvi. Watu kumi huitwa wananchi.

MANENO YA KUPINGA

Wengine husema, "Kusoma orodha barazani huleta ugomvi." Kweli, baraza la namna hiyo laweza kuwa na kelele. Lakini ugomvi wa kabla ya malipo humalizwa kwa kalamu. Ugomvi wa baada ya malipo hukaa miaka, huingia katika mipaka ya mashamba, katika harusi na matanga, na watoto huurithi.

Wengine husema, "Kumwuliza mkubwa hesabu ni utovu wa adabu." La. Utovu wa adabu ni kumsengenya sokoni kwa jambo ambalo hukumwuliza. Chifu mwenye busara huibandika orodha kabla ya kuombwa, kwa sababu ndiyo ngao yake. Simama, vua kofia, mwite kwa cheo chake, kisha uulize swali lako wazi na ungoje jibu.

Na wengine husema, "Mimi nimepata, ya wengine hayanihusu." Ndugu mkulima, mawe hayana desturi ya kupiga shamba moja kila mwaka. Mwaka huu yamepita kwa jirani, mwaka ujao yatapita kwako. Ukinyamaza leo alipoachwa yeye, ni nani atakayesimama barazani kusema, "Huyu naye alipigwa, nimeona kwa macho yangu"? Mkono mmoja haulei mwana.

Wazee wasemao kwamba mali bila daftari hupotea bila habari walisema kweli. Nunua daftari juma hili, kabla mawingu hayajajikusanya. Andika ukurasa wa kwanza: namba ya shamba, ekari, mazao yaliyopandwa na tarehe ya kupanda. Mawe yakija utakuwa tayari, na yasipokuja utakuwa umejifunza kulijua shamba lako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, orodha ya msaada wa mwisho ilisomwa wapi, na ni nani walioisikia?
2. Mkulima amehesabu mashina 25 mahali pane, akaona yaliyovunjika ni 11, 14, 6 na 9. Hasara yake ni ngapi kwa mia? (Jibu: 40.)
3. Zimetolewa shilingi 900,000. Wamelipwa watu 120 kwa 4,500 kila mmoja, na watu 110 kwa 3,000 kila mmoja. Zimebaki ngapi, na mtamwuliza nani? (Jibu la hesabu: 30,000. Jibu la pili mlitafute wenyewe.)
4. Shamba li katika jina la babu aliyefariki, na wajukuu watatu hulima. Waandikweje ili pasiwe na malipo mawili wala aliyeachwa?
5. Ni nani katika kikundi chenu atakayetunza nakala za barua na orodha? Mchagueni leo.